Masikio Yakizibwa na Nta: Usiuze Ng'ombe Kabla Hayajatazamwa



Katika mashamba yaliyogawanywa miaka ya 1960 huko Muhoroni, Songhor na Koru, wale waliopewa vipande vya kwanza wakiwa vijana sasa ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Wako ambao wangali na nguvu za kutembea asubuhi mpaka mwisho wa shamba kutazama miwa. Lakini ukimwamkia mmoja wao kwa nyuma, haitikii. Mkutano wa jamaa ukiitwa, huketi pembeni akitazama midomo ya watu. Watoto husema, "Mzee masikio yamekufa," na tangu siku hiyo mambo ya shamba huamuliwa bila yeye: miwa itakatwa lini, ng'ombe yupi atauzwa, na nani atatia sahihi katika karatasi.

Huenda masikio yale hayakufa. Huenda yamezibwa tu na nta, na nta hutolewa kwa maji ya vuguvugu katika muda mfupi kuliko wa kukamua ng'ombe mmoja.

Mtaniuliza, ofisi ya kilimo na nta ya masikio, wapi na wapi? Neno hili linatuhusu sana. Asiyesikia hasikii trekta ikirudi nyuma, wala pikipiki ikija barabarani. Huelezwa dawa ya kunyunyizia ichanganywe kwa kipimo gani, akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akaenda kuchanganya vingine. Sisi makarani tunaokaa dirishani tunawajua watu wa namna hii. Hujibu "ndiyo" kwa kila swali. Tena kuna jambo la fedha. Wako watu wanaouza mtamba ili wamnunulie baba yao kifaa cha kusikia, au wanaoweka sahihi katika hati ya bima wakidhani itawalipia masikio, na hakuna hata mtu mmoja aliyewasha tochi akatazama ndani ya sikio lenyewe.

NTA NI KITU GANI

Watu wengi huiita uchafu. Jina hilo si la haki. Ndani ya tundu la sikio, katika sehemu iliyo karibu na nje, kuna vitezi vidogo katika ngozi vinavyotoa mafuta. Mafuta hayo yakichanganyika na ngozi iliyokufa, vinyweleo na vumbi, ndiyo nta. Kazi yake ni kulainisha ngozi, kunasa vumbi na wadudu, na kuzuia vijidudu vya maradhi visistawi, kwa kuwa ina uchachu kidogo. Mtu anayepepeta mpunga huko Ahero, au anayefanya kazi kwenye mashine ya kusaga posho, angekuwa na taabu kubwa kama asingekuwa na nta masikioni.

Nta si ya namna moja kwa watu wote. Sisi Waafrika wengi wetu tuna nta laini yenye unyevu. Watu wa Japani, China na Korea wengi wao wana nta kavu kama makapi. Mwaka 2006 wataalamu wa Japani waligundua kwamba tofauti hiyo hutokana na sehemu moja ndogo sana ya urithi anaoupata mtoto kwa wazazi wake. Basi aliye na nta nyingi asionewe haya kana kwamba haogi.

Tena sikio hujisafisha lenyewe. Ngozi ya ndani ya tundu husogea polepole kuelekea nje, ikibeba nta juu yake. Na kila unapotafuna au kusema, taya husaidia kuisukuma. Nta ikifika mlangoni huanguka yenyewe au hufutwa na kitambaa wakati wa kuoga. Kwa watu wengi hakuna kazi nyingine inayotakiwa, maisha yao yote.

Shida huja pale mwendo huo unapokatizwa. Kwa wazee, nta huwa kavu na ngumu, na nywele za sikioni huongezeka. Wengine wamezaliwa na tundu jembamba au lililopinda. Wanaotumia vifaa vya kusikia, au vijana wanaokaa na vile vifaa vya simu masikioni tangu asubuhi mpaka jioni, huzuia nta isitoke. Lakini msababishaji mkubwa ni mkono wa mtu mwenyewe.

UNYOYA WA KUKU

Hapa ningependa tukae kidogo. Nendeni soko lolote, tangu Kibuye mpaka Ahero, mtamwona mtu ameketi kivulini, amefumba jicho moja, anazungusha unyoya wa kuku sikioni kwa raha kubwa. Mwingine hutumia njiti ya kiberiti, mwingine ufunguo, kifuniko cha kalamu, chuma cha kusukia nywele, au spoku ya baiskeli. Wenye pesa hununua vijiti vya pamba, wakadhani wao ndio wastaarabu. Wote wanafanya kazi moja. Hutoa nta kidogo ikaonekana kwenye ncha, wakafurahi, na ile iliyobaki wameishindilia ndani.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2 na nusu tu. Mwisho wake kuna kiwambo, ngozi nyembamba iliyowambwa kama ya ngoma, na kiwambo hicho ndicho kinachopokea sauti. Nta hutengenezwa karibu na nje. Haikai penye kiwambo isipokuwa imesukumwa huko. Aliyeshindilia nta kwa miaka 20 amejenga ukuta mbele ya ngoma yake mwenyewe. Tena njiti ikiteleza, au mtoto akikugonga kiwiko, kiwambo hutoboka. Hapo hujambo nta. Unayo sasa maumivu, damu, na njia ya usaha. Unyoya nao huchubua ngozi, na mahali palipochubuka huingia vijidudu. Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari na ajihadhari zaidi kuliko wengine wote, maana jeraha dogo la sikio kwake laweza kuingia mpaka mfupani.

Unyoya huleta raha, sikatai. Kujikuna upele pia huleta raha.

Nta ikiziba, dalili zake ni hizi zinazojulikana: kusikia kunapungua, mara nyingi upande mmoja, sikio hujaa kama limetiwa pamba, sauti yako mwenyewe husikika kubwa kichwani, kuna mvumo au mlio, kuwasha, pengine maumivu au kizunguzungu. Wengine hupata kikohozi kikavu kisichokwisha. Usishangae, kwani mshipa mmoja wa fahamu unaopita kifuani una tawi lake sikioni, na nta ikiligusa mtu hukohoa. Amekunywa dawa za kifua chupa tatu, na ugonjwa uko sikioni.

Kwa watu wa ziwani kuna jambo moja la kukumbuka. Nta ikiingiwa na maji huvimba. Kijana huogelea Dunga akiwa mzima, akitoka majini sikio moja limefunga ghafula kama mlango. Alikuwa na nta nusu tundu bila kujua. Maji yameijaza nusu iliyobaki.

MTOTO WA NYUMA DARASANI

Mimi nilifunzwa ualimu kabla ya kuingia kazi ya ofisi, na hili sitaliacha lipite. Kwa hesabu wanazotumia madaktari wa masikio, nta huziba masikio ya mtoto 1 katika kila 10, mtu mzima 1 katika kila 20, na wazee zaidi ya theluthi. Darasa la watoto 50 basi laweza kuwa na watoto 5 wa namna hiyo. Nao ni walewale wanaoitwa wavivu na wakaidi, wale wanaoambiwa "fungua kitabu" wakatazama jirani amefungua ukurasa gani. Mwalimu huwapeleka nyuma, na huko nyuma ndiko wanakozidi kutosikia.

Ukiona mtoto anageuza sikio moja kila anaposemeshwa, au anaongeza sauti ya redio, au anajibu jambo asiloulizwa, mpeleke atazamwe masikio kabla hujamchapa na kabla hujaamua kwamba ni kiziwi. Kenya imekuwa na vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu tangu mwaka 1984, chini ya wizara ya elimu. Uliza ofisi ya elimu ya wilaya ndogo yenu. Shule kama ile ya viziwi iliyoko Nyang'oma, upande wa Bondo, ni za watoto wasiosikia kweli. Mtoto mwenye nta ana haki ya kusafishwa akarudi darasani kwake.

Na watoto hujitia vitu masikioni: maharagwe, mahindi, punje za mpunga, shanga. Kitu cha namna ya mbegu usikitilie maji kamwe, kwa sababu kitavimba na kukwama kabisa. Usikivute kwa kibanio cha nywele. Mpeleke kama alivyo. Mdudu akiingia akiwa hai, nalo hili hutokea sana wakati wale sami wa ziwani wanapofunika taa, mlaze mtu kwa ubavu, mtilie matone ya mafuta ya kupikia yasiyo ya moto ili mdudu afe na kuacha kukwaruza, kisha nenda zahanati akatolewe. Ikiwa sikio limewahi kutoboka au linatoa usaha, usitie hata hayo mafuta.

LA KUFANYA

Kama dalili ni zile za nta, sikio haliumi sana, halitoi maji wala usaha, halijapata kutoboka wala kupasuliwa, waweza kuanza nyumbani. Nunua kwa mwenye duka la dawa mafuta ya zeituni au ya lozi, au yale matone ya magadi yanayotengenezwa kwa ajili ya masikio. Shika chupa mkononi mpaka ipate joto la mwili, usiitie motoni. Lala kwa ubavu, utiliwe matone 2 au 3, ukae hivyo kama dakika 5, kisha ufute yanayotoka. Fanya hivyo asubuhi na jioni siku 3 hadi 5. Siku za kwanza huenda ukasikia vibaya zaidi kuliko awali, kwa kuwa nta inalainika na kutanuka. Usiogope. Mara nyingi hutoka yenyewe baadaye.

Yasitumike mafuta ya taa, mkojo, maji ya kitunguu, wala tindikali ya betri. Nayataja kwa sababu bado yako majumbani. Wala usidanganywe na ile mishumaa ya masikio inayouzwa mijini; imepimwa na wataalamu, haivuti nta, ila imewachoma watu na kuwadondoshea nta ya mshumaa juu ya nta yao.

Ikiwa matone hayakutosha, nenda ukasafishwe. Mhudumu atavuta sikio lako juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, atatazama kwa kile chombo chenye taa, na akiona kiwambo hakina dosari atapiga maji kwa bomba, akiyaelekeza kwenye ukuta wa juu wa tundu na si kwenye kiwambo. Maji hayo lazima yawe na joto la mwili. Yakiwa baridi au moto utashikwa na kizunguzungu kikali hata utapike. Chini ya sikio hushikwa bakuli, na mara kipande cheusi kama gome la mti huanguka ndani yake. Kazi hii haipaswi kuuma. Ikiuma, sema, naye aache. Wako wasiofaa kusafishwa kwa maji: wenye kiwambo kilichotoboka, wenye sikio linalotoa usaha, waliopasuliwa sikio, na yule ambaye sikio hilo ndilo pekee analosikia. Hao hutolewa nta kwa kijiko chembamba au kwa mashine ya kufyonza, na kazi hiyo ni ya mtaalamu. Hapa kwetu Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi wangali wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi, ndiyo hupokea masikio yaliyozishinda hospitali ndogo.

Lakini si kila uziwi ni nta, na usipoteze siku kutia mafuta mahali pasipofaa. Usaha unaotoka, hasa kwa mtoto, mara nyingi ni ugonjwa wa sikio la kati, wataka dawa. Uvimbe nyuma ya sikio pamoja na homa ni hatari, nenda siku hiyohiyo. Uso ukipinda upande mmoja, nenda. Na mtu akiamka asubuhi sikio moja limekufa ghafula, likatazamwa likaonekana safi, huyo yampasa afike kwa mtaalamu katika siku chache, maana dawa yake hufaa ikiwahi tu. Mlio wa masikio kwa anayetumia kwinini, au kwa mgonjwa wa kifua kikuu anayechomwa sindano, si wa nta. Amwambie mara moja aliyempa dawa.

SASA TUJE KWENYE FEDHA

Kwa miaka mingi tuliijua NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966. Hiyo haipo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake imeshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, kwa sheria ya mwaka 2023. Kadi ya zamani haikuhamisha jina lako yenyewe. Yakupasa ujiandikishe wewe na watu wa nyumbani mwako, kwa kitambulisho, kwa kupiga *147# au kwa kwenda kituo cha afya.

Lililo muhimu kwa habari ya masikio ni hili. SHA ina mifuko mitatu, na mfuko wa afya ya msingi hulipia matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya. Huko kinachotakiwa ni kuwa umejiandikisha. Huulizwi kama umelipa mchango wa mwaka. Basi kutazamwa sikio katika zahanati iliyo karibu na shamba lako hakukugharimu ng'ombe wala kuku. Hapo ndipo pa kuanzia, wala si kwa daktari wa mjini wa kulipwa taslimu.

Mfuko wa pili, ule wa bima yenyewe, ndio unaolipia kulazwa na kupasuliwa katika hospitali kubwa, nao wataka uwe umelipa. Aliye na mshahara hukatwa asilimia 2.75. Sisi na ninyi tusio na mshahara wa mwezi, maana karani ana mshahara lakini baba yake hana, hukadiriwa mapato ya nyumba kwa maswali kuhusu nyumba, maji, mifugo na mengineyo. Nyumba ikikadiriwa Sh. 20,000 kwa mwezi, mchango ni Sh. 550 kwa mwezi, yaani Sh. 6,600 kwa mwaka. Ikikadiriwa Sh. 10,000, hesabu yatoa Sh. 275, lakini hakuna anayelipa chini ya Sh. 300, basi ni Sh. 3,600 kwa mwaka. Na mkulima hulipa ya mwaka mzima kwa mara moja. Hapo naona ugumu, kwa mtu ambaye miwa yake huchukua zaidi ya mwaka kukomaa na malipo ya kiwanda hufika yanapotaka. Mwaka 2025 ilianzishwa njia ya kukopeshwa mchango na kuulipa kidogo kidogo, iitwayo Lipa SHA Pole Pole. Wenye vyama vya ushirika na wakubaliane kuweka fedha hizo kando siku ya malipo, kabla hazijafika sokoni.

Baada ya hayo ndipo huja wakala wa kampuni ya bima. Sisemi bima ya kampuni ni mbaya. Mwenye uwezo na ainunue, ijapokuwa haimwondolei wajibu wa SHA. Ninachosema ni kwamba bima hizo nyingi huuzwa kwa vipande. Kipande cha kwanza, kilicho rahisi, ni cha kulazwa tu. Nta haimlazi mtu. Mwenye kipande hicho akienda kusafishwa sikio atalipa mwenyewe, kisha atarudi nyumbani akilia kwamba ameibiwa. Hakuibiwa. Alinunua jembe akitaka panga. Kinachohusu nta ni kipande cha matibabu ya kutolala, ambacho huongezewa malipo yake, na kina kikomo chake cha mwaka. Tena kampuni hutaka uende hospitali zilizo katika orodha yao, na pengine uombe idhini kabla ya kazi yoyote inayoitwa upasuaji mdogo. Muulize mhudumu ataiandikaje kazi ya kutoa nta katika karatasi ya malipo, kwa kuwa neno moja laweza kukupeleka kwenye idhini.

Vifaa vya kusikia na kupima masikio kwa kawaida tu, bila ugonjwa, kampuni nyingi huviacha nje, au huweka kiasi kidogo. Maradhi yaliyokuwapo kabla hujajiunga hungojewa muda, mara nyingi mwaka, au hukataliwa. Na wazee waliopita umri fulani hawapokelewi wapya. Mambo haya yote yako katika hati, lakini katika kurasa za nyuma kwa herufi ndogo. Kuuliza si aibu:

"Mama, ukilipa hii umemaliza, kila kitu kimo ndani."

"Asante mwanangu. Sasa nisomee ukurasa unaosema habari ya masikio."

Wakala mwema ataufungua ukurasa. Asiyekuwa mwema atatazama saa.

Hapa ndipo nta inapoingia katika bima kwa mlango ambao wengi hawaujui. Fomu ya kujiunga huuliza kama una shida ya masikio. Mtu aliyezibwa na nta, asijue ni nta, ataandika "sisikii vizuri." Kampuni itasoma "uziwi", na mambo yote ya masikio yake yaweza kuachwa nje ya hati kwa ajili ya kitu ambacho kingeoshwa wiki iliyotangulia. Mwingine, akiogopa hilo, huandika "sina shida yoyote." Hilo ni baya zaidi. Bima husimama juu ya ukweli wa fomu. Kampuni ikigundua umeficha jambo yaweza kukataa kukulipa hata kwa ugonjwa mwingine. Njia iliyo sawa ni kutazamwa kwanza, kusafishwa, kupimwa tena kama unasikia, na kumwomba aliyekuhudumia aandike kwamba kusikia kulipungua kwa sababu ya nta, na kwamba kumerudi. Kisha jaza fomu kwa kweli tupu, na karatasi hiyo uiweke pamoja na hati ya shamba.

Hali kadhalika kwa kifaa cha kusikia. Asiuziwe mtu kifaa, kwa fedha zake wala za bima, ambaye masikio yake hayajatazamwa na kusafishwa siku hizo. Kifaa kikitiwa katika tundu lenye nta hupiga kelele, huziba, na kuharibika. Mzee atakitia katika sanduku, na mtamba ameshakwenda. Shirika la Afya Duniani lahesabu watu zaidi ya milioni 430 wanaohitaji msaada kwa uziwi, na wengi wao wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati kama zetu. Hao ndio wenye haki ya vifaa. Aliyezibwa na nta ahitaji bakuli na bomba.

Neno kwa wenye watoto wanaofanya kazi katika viwanda vya sukari. Kanuni za kelele za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi kukaa saa 8 katika kelele inayopita desibeli 90 bila kinga, na wanaofanya kazi penye kelele yapasa wapimwe masikio. Kabla ya kupimwa, kijana na atazamwe nta. Kipimo kilichofanywa juu ya nta ni cha uongo: chaweza kumwonyesha mzima kuwa amepungukiwa, au, kikiwa ni kile cha kwanza cha kuajiriwa, kumfanya baadaye ashindwe kuthibitisha kwamba kelele ya kiwanda ndiyo iliyomwumiza, na fidia ya sheria ya mwaka 2007 ikampita.

Mwenye ugomvi na kampuni ya bima iliyokataa kulipa, na aanze kwa barua kwa kampuni yenyewe, akitaja nambari ya hati na ukurasa unaohusika, abaki na nakala. Asiporidhika, ipo Mamlaka ya Kusimamia Bima, iitwayo IRA, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi. Mwenye shida na SHA aende kwanza kwa afisa wao katika hospitali ya wilaya ndogo au makao ya kaunti mjini Kisumu, akiwa na kitambulisho na karatasi za hospitali.

Aliyekwisha kuzibwa mara moja huzibwa tena. Mzee wa namna hiyo na atiliwe matone machache ya mafuta mara moja kwa wiki, na atazamwe kila baada ya miezi 6 au 12. Siku ya kumpeleka ng'ombe josho yaweza kuwa siku ya kumpitisha mzee zahanati, ikiwa ziko njia moja.